Kiti cha Mpishi

Mwanangu Bhoke,

Hali yako siulizi. Leo asubuhi nimekusikia ukiimba bafuni mpaka jogoo akaona aibu akanyamaza, nikajua u mzima. Mimi nami ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa huu mkono, ambao kwa miaka mingi haujaandika kitu zaidi ya majina ya wanakwaya. Utausamehe mwandiko.

Wewe na baba yako mmetoka sasa hivi kwenda Mugumu kutafuta tairi la akiba. Namjua mwenzangu. Atasalimiana na kila mtu kuanzia hapa Nyansurura mpaka mjini, na kila mmoja atamwambia kwamba binti yake kesho anakwenda baharini na gari, analiendesha mwenyewe. Kwa hiyo ninao mchana mzima. Nimekaa hapa mlangoni, daftari nimeliweka juu ya beseni nililoligeuza. Uani kuko kimya kuliko kawaida, na sababu yake utaijua ukifika mwisho.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kuweka fedha mahali pawili, ya kutopakia mtu usiyemjua, hayo sitayaandika. Umeshaambiwa na bibi yako, ukaambiwa na mama mchungaji, na fundi Marwa, ambaye anasafiri nawe, naye akakuambia kama vile ndiye aliyekuzaa. Mimi nataka kukuandikia jambo ambalo nimelikalia tangu ukiwa mdogo. Wiki hizi tatu nimejaribu kulisema kwa mdomo, na kila nikilianza linageuka kuwa habari ya kuku.

Lakini acha kwanza nifurahi kidogo.

Bhoke, sijawahi kucheka kama nilivyocheka wiki hizi za kupanga safari yako. Tajiri wako amekutuma ukamtafutie njia. Uanzie Kilwa, ushuke Lindi, upite Mtwara, mpaka Msimbati kule karibu na mto Ruvuma unakoingia baharini. Uone gari la wageni litapita wapi, wageni watalala wapi, na watatazama wanyama gani. Ukasema pwani yenyewe ni ya mawe makali na mchanga unaomeza tairi, na kwamba kuna mahali utaendesha nusu siku bila kuona nyumba. Ulisema hayo macho yanang'aa kama mtu anayeelezea harusi yake. Ukafungua ramani yako ya karatasi. Baba yako akaitazama, akaigeuza, akaigeuza tena, akasema hii nchi haina hata kilima. Akaenda zizini akarudi na kamba ya yule dume mweusi, akailaza hapo uani na mapindo yake yote, akasema haya, huku ni maji, huku ni nchi kavu, sasa tupange kama watu.

Tangu siku hiyo uani kwetu hapapitiki. Maharage yakawa kasa. Punje za mahindi zikawa ndege wa kwenye mikoko. Mwiko wangu wa ugali ukawa Ruvuma, na pale mwisho wake ukaweka karanga tatu, ukasema hao ni viboko. Jiwe la kusagia likawa nyangumi, nami nikawa siwezi kusaga mpaka nikuombe ruhusa. Majirani wakaanza kupita jioni na mawazo yao. Mmoja alishauri mpite Bariadi, mwingine akauliza kama nyangumi ana nyama nzuri, na mama Nyangi akaruka kamba kwa uangalifu mkubwa, amekunja gauni, eti asilowe.

Baba yako yeye alipanga kama anayepeleka ng'ombe malisho. Kila ukiweka kituo alikuuliza swali moja tu, maji yako wapi. Ukamjibu kwamba mtabeba madumu. Akashangaa. Maji yote hayo ya upande ule wa kamba, halafu mnabeba maji? Ukamwambia yale ni ya chumvi. Akachuchumaa, akapitisha macho kwenye kamba yote, kuanzia Kilwa mpaka kwenye mwiko wangu.

"Chumvi yote hiyo," akasema, "na hakuna anayefuga?"

Ulicheka mpaka ukaikalia Lindi. Yeye hakucheka. Mtu aliyeswaga ng'ombe siku nzima juani ili wapate udongo wa chumvi wa kulamba hawezi kuelewa watu waliopewa chumvi isiyo na mwisho, nao wakaamua kuvua samaki. Mpaka leo anaamini kwamba watu wa Lindi hawajaambiwa tu, na amekutuma uwaambie. Uwaambie kwa heshima.

Mimi nami nilitia mkono. Ulikuwa umeweka kitu cha kutazama kila siku, asubuhi na jioni, nikaokota maharage ya siku ya nne na ya siku ya tisa nikayarudisha kwenye kopo. Ukaniuliza siku hizo zitafanya kazi gani. Nikakuambia hazitafanya kazi, ziache hivyo hivyo. Ukanitazama kama unavyomtazama baba yako kwenye habari za chumvi. Nitakueleza.

Ilikuwa katikati ya kicheko hicho, umechuchumaa na punje mkononi, uliponiuliza mara ya kwanza. Gari lina viti vitatu mbele, na nyuma ni mizigo. Kimoja chako, kimoja cha fundi Marwa, na tajiri amesema cha tatu ni cha mpishi, umtafute mwenyewe. Ukasema bila kuninyanyulia macho, "Mama, si uje unipikie." Wiki mbili tu, ukasema, kisha mimi ningerudi kwa basi na wewe ungebaki Lindi kungoja wageni.

Nikakuambia kuku. Mara ya pili nikakuambia kwaya. Mara ya tatu, juzi, nikakuambia kiuno. Ukasema sawa, mama. Ukaokota kasa wako mmoja mmoja ukawatia kwenye kopo, na jioni ile hatukucheka tena. Nilijua unachofikiri, maana ulishakifikiri siku ya kumaliza chuo, wakati wenzako walikuwa na mama zao na wewe ulikuwa na baba na mjomba. Ulifikiri mama yako haoni kwamba kazi hii ni kazi.

Ndiyo maana nakuandikia. Nikueleze kwanza, halafu nikujibu.

Unajua kwamba niliwahi kukaa Nyamongo. Ila hujui nilivyokaa. Ulikuwa na miaka minne. Mwaka huo ugonjwa uliingia zizini ukatuachia ng'ombe wachache, na baba yako akawahamishia kwa wajomba zake, mbali, mpaka hali itulie. Na ndio mwaka ambao habari za dhahabu zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Walikuwa wanaita rashi, mawe yakitoa dhahabu mahali fulani watu wote wanakimbilia huko, leo porini hakuna kitu, Jumamosi kuna mtaa, kuna kinyozi, kuna muziki. Nikakupeleka Issenye kwa bibi yako. Nikasema wiki mbili, napikia wachimbaji, napata mtamba mmoja wa kuanzia, narudi.

Nilikaa misimu miwili ya masika na nusu ya tatu.

Ningeweza kukuambia kwamba nilizuiwa, au niliumwa, na ungeniamini kwa sababu unanipenda. Hakuna aliyenizuia. Nilipapenda. Nyumbani nilikuwa nimepika tangu nina miaka minane na hakuna aliyewahi kuniambia kitu zaidi ya ongeza. Kule wanaume wazima walitoka shimoni, weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga, wakakaa kwenye benchi langu, na mmoja akasema, "Mama, wali huu umenirudisha duniani." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima. Wenye duara, yaani shimo lenyewe la kuchimba, walinilipa kwa mawe, karai moja kwa chakula cha wiki. Nikajifunza kuyaponda. Nikajifunza kuyaosha mwenyewe mwaloni, pale kwenye madimbwi ya kuoshea mawe, miguu ndani ya tope, nikizungusha karai taratibu mpaka mchanga mwepesi unatoka na maji. Siku ya kwanza nilipoona ule mstari wa njano pembeni ya karai, mwembamba kama ukope wa jicho, niliimba pambio peke yangu mpaka watu wakageuka.

Tatizo la karai ni kwamba kuna la wiki ijayo. Jumapili hii nakwenda kumwona mtoto, nilikuwa nasema, ila wamegusa mwamba wenye dhahabu, acha nione wiki hii. Wiki inakuja wamepoteza mwamba, acha nione kama wataupata. Sikuwa na siku hata moja isiyo na kitu cha kungojea. Na nilikuwa nasali, Bhoke, usidhani niliacha. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nilipiga magoti na kukutaja kwa jina. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Kukutaja kulinitosha.

Jirani yangu wa kibanda alikuwa Bi Zaituni. Alikuwa mfanyabiashara wa Tarime lakini kwao asili ni Lindi, anauza kanga na sabuni na tochi, na mdomo wake ulikuwa haupumziki. Huyo ndiye aliyenifundisha bahari kabla yako. Wateja wakipungua mchana alikuwa anakunja kanga zake na kunisimulia. Aliniambia kwamba miezi ya baridi nyangumi wanapita na watoto wao, na ukisimama juu ya miamba unaona maji yanaruka juu kama mtu ametema. Nilidhani ananidanganya kwa sababu mimi ni wa bara. Siku moja akanieleza kasa. Anatoka majini usiku, anajikokota mpaka kwenye mchanga mkavu, anachimba, anataga, anafukia vizuri, anarudi zake. Nikamwuliza, sasa watoto wakitoka watamjuaje mama yao?

"Hawamjui," akasema. "Wala yeye hawajui. Wakipishana majini anapita tu, kama wewe utakavyompita wako."

Alisema kwa utani, kama alivyosema kila kitu. Nami nikacheka. Nikageuza wali, nikapakua, nikacheka tena. Kesho yake asubuhi nilimwachia sufuria zangu zote na karai la mawe ambalo sijaliosha, mpaka leo sijui lilikuwa na nini, nikakaa nyuma ya baiskeli ya mtu wa kwanza aliyekuwa anaelekea huku. Baadaye nikapata lori la mahindi. Mwisho nikaenda kwa miguu.

Sasa nimefika pale ambapo mkono unataka kuandika habari za kuku.

Unaijua hadithi ya siku niliyofika Issenye. Katika ukoo wetu ni kichekesho cha sikukuu. Wajomba zako hawawezi kumaliza Krismasi bila kuisimulia, jinsi Bhoke alivyompokea mama yake mzazi mzigo, akasema shikamoo, karibu mgeni, bibi yuko shambani atarudi, akamletea kigoda na kikombe cha maji. Wanakuiga na sauti. Wewe unacheka, unawaambia mniache, nilikuwa mtoto. Na mimi ndiye ninayecheka kuliko wote, kama umewahi kuangalia.

Hawajui nusu yake. Nilipoingia uani palikuwa na watoto wanacheza, wajukuu wa bibi yako. Unajua tulivyolelewa. Ng'ombe hawanyooshewi kidole na kuhesabiwa, na watoto vilevile. Unasimama langoni unapitisha macho, na macho yenyewe yanakuambia nani hayupo. Hata ng'ombe wakiwa wengi kiasi gani, baba yako anajua. Hata mimi nilikuwa najua. Basi nikasimama pale nikapitisha macho kwa wale watoto, na macho yakaniambia kwamba wangu hayupo. Nikadhani umeenda kisimani. Msichana mmoja mwembamba, goti lina kovu, akaja akanipokea mzigo. Nikamshukuru. Akaniletea maji nikanywa yote. Nikamrudishia kikombe nikamwuliza, na Bhoke yuko wapi?

Ulinitazama kwa mshangao kidogo.

"Ndiye mimi," ukasema.

Hilo sijamwambia mtu. Labda umelisahau, au labda unalikumbuka na umenisitiri miaka yote hii, sijui. Wao husema mtoto hakumjua mama. Mama ndiye aliyetangulia kutomjua mtoto.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani wenzangu wakimshukuru Mungu kwa kurudi kwangu salama, na ndani yangu nikaweka nadhiri. Nilimwambia Mungu kwamba sitalala tena nje ya nyumba yangu mpaka huyu mtoto aondoke mwenyewe kwa miguu yake. Sikumwambia mchungaji, sikumwambia baba yako. Na nimeitimiza, kwa neema yake. Ndiyo maana ulipokuwa sekondari Issenye, unakaa kwa bibi, nilikuwa nakuja asubuhi na bodaboda na kurudi jioni ileile, vumbi mpaka kwenye meno, na bibi yako ananifokea kwamba kitanda chake kina kunguni gani. Ndiyo maana kwaya ilikwenda Musoma bila sauti yangu. Ndiyo maana sikuwa kwenye harusi ya dada yangu. Na siku yako ya chuo, ambako lazima mtu alale njiani, nilifua gauni, nikalipiga pasi, nikalitundika, nikakupigia simu nikakuambia kicheche ameingia bandani. Bhoke, hakuna kuku duniani waliosingiziwa kama wa kwangu.

Lakini usinionee huruma sana, maana kukaa nyumbani kulinilipa. Unakumbuka tembo wa kwenye mahindi? Ulikuwa na miaka minane au tisa. Kulikuwa kunapambazuka, tukatoka mimi na wewe na madebe. Mimi napiga langu kwa nguvu zote za wokovu, wewe umesimama tu, debe linaning'inia. Nikakuambia piga. Ukasema kwa sauti ndogo, "Mama, yule mwenye sikio lililochanika leo hayupo." Nikaacha kupiga. Tukasimama wote wawili tukimtafuta mwenye sikio lililochanika, huku wenzake wanatafuna mistari miwili mizima ya mahindi mbele yetu. Baba yako alitukuta tunasikitikia tembo. Maneno aliyotuambia siku ile siyaandiki. Lakini mimi nilirudi nyumbani nimejaa furaha ambayo sikuweza kuieleza. Macho niliyoyapoteza Nyamongo nilikuwa nimeyaona kwako, mazima.

Halafu chuoni wakakuuliza wako wangapi. Ulinipigia unalia. Mwalimu aliwaonyesha kundi la nyati, wenzako wote wakatoa idadi, wewe ukasema kuna ndama mmoja ambaye mama yake hayupo. Darasa likacheka. Ukaniuliza kama wewe ni mjinga. Nilikuambia jifunze kuhesabu, mwanangu, ni kwa ajili ya daftari, na bado nasema hivyo, hata kule pwani tajiri atataka idadi ya kasa na umpe. Ila kumbuka ile siku yako ya majaribio. Dereva alihesabu vichwa vya wageni, akahesabu na cha kwako, hesabu ikatimia akawasha gari. Wewe ukasema bibi wa kofia ya kijani hayupo. Na kweli bibi wa watu alikuwa chooni, komeo limegoma, anagonga mlango kwa kiatu. Tajiri alikuajiri jioni hiyohiyo. Hukuhesabu, ulipitisha macho tu.

Kwa ajili hiyo niliziondolea maharage zile siku mbili. Sina lingine la kukufundisha katika kazi yako, nyangumi mwenyewe simjui. Najua tu kwamba mimi nilipokosa siku tupu sikupata wasaa wa kutazama nani hayupo.

Sasa jibu lako.

Juzi, baada ya kuwatia kasa wako kwenye kopo, nilimfuata baba yako zizini. Ng'ombe walikuwa wanaingia. Nikamwambia yote, kikombe cha maji, swali nililokuuliza, na nadhiri. Hakunitazama kwa sababu alikuwa anawatazama wao, na nilishukuru kwa hilo. Walipokwisha kuingia akapanga miti ya lango, akakung'uta mikono.

"Kwa hiyo kuku hawakuwa na kosa," akasema.

Nikasema hawakuwa na kosa.

"Mama Bhoke, uliapa usimwache mtoto. Sasa mtoto anakuomba usimwache, na wewe unamkatalia kwa sababu uliapa."

Akaenda kunawa. Unamjua, akishasema jambo la maana anakimbia.

Jana asubuhi nilikaa na Mungu wangu muda mrefu. Nilimweleza kwamba mtoto sasa anaondoka kwa miguu yake mwenyewe, ingawa ni ya mpira, na kwamba nadhiri niliyoifunga kwa machozi naomba niifungue kwa furaha. Nikangoja. Sitakudanganya kwamba nilisikia sauti. Nilichosikia ni wewe uani, unaimba na kumsogeza nyangumi wako upande wa Mtwara. Nikaona hilo linanitosha.

Nina woga wangu. Naogopa gari litanitapisha mbele ya fundi Marwa, ambaye ataisimulia mpaka Sirari. Naogopa nitamwona kasa akirudi majini nikalia kwa sauti, na itabidi uwaeleze watu. Na nataka nikifika Lindi niulize, kwa upole, kama kuna anayemjua Bi Zaituni aliyekuwa akiuza kanga machimboni. Akiwa hai nataka anione nimekuja na wangu, nimwambie sikumpita.

Nakuja kama mpishi. Hutaniona nikikufundisha kuendesha, labda mara moja tu kwenye kona mbaya. Wiki mbili zikiisha utanisindikiza stendi, nitapanda basi langu, na hapo ndipo utakuwa umeondoka nyumbani kweli. Mimi nitarudi kwa baba yako nikalale kwangu, kwa kupenda sasa.

Mlipotoka tu niliwapeleka kuku wote kwa mama Nyangi, na jogoo. Sufuria mbili, kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, maana nasikia kule bila nazi huheshimiwi, na Ruvuma yako, nimeiosha, vyote vimefungwa kwenye kitenge chini ya kitanda changu. Lile gauni la siku ya chuo ndilo nitakalovaa. Baba yako anajua. Tairi la akiba fundi Marwa alishalifunga tangu jana, umepelekwa Mugumu ili niandike.

Barua hii naiweka kwenye daftari lako la safari, ukurasa wa siku ya kwanza, ule unaoufungua kabla ya kuwasha gari. Kwa hiyo sasa umeshika usukani na unasoma, na baba yako yuko nje anajifanya anatazama tairi. Usihesabu mizigo. Inua macho, uyapitishe taratibu kama yeye anavyofanya langoni, uone kama kuna anayekosekana.

Ni mimi mama yako,
niliyekaa hapa kushoto kwako.